Kikohozi cha Shemeji

Watu wana mambo jamani. Mtu akichoka na kiti hukiuza, akichoka na mbwa humfungulia geti, lakini akichoka na kasuku humtia kwenye boksi la sabuni akampeleka kwa Mama Ndege. Na kila mmoja huja na sababu yake, kaipanga vizuri njiani. Mke wangu ana mafua yasiyoisha. Tunahamia ghorofani. Mtoto kang'atwa kidole. Huyu ndege ana matusi, mama, na juzi tulikuwa na wageni wa posa. Sasa matusi hayo kayatoa wapi? Hapo hupati jibu. Utadhani ndege kayasoma gazetini.

Huyo wa Alhamisi alikuwa dereva wa lori, mtu mzima mwenye kitambi chake, akasimama mlangoni boksi kalikumbatia, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefunga."

"Hata sijasema neno."

"Boksi limesema. Nimefunga, mwanangu, sipokei tena."

Ilikuwa kweli, au ilitakiwa iwe kweli. Mwezi uliotangulia daktari wa kifua aliibandika picha ya mapafu yake ukutani penye taa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu sehemu zilizokuwa na ukungu. Ule unga mweupe unaotoka kwenye manyoya ya kasuku, akamwambia, ndio unaokula kifua chako. Dawa nitakupa, lakini dawa bila kuondoa ndege ni kutwanga maji kwenye kinu. Chagua, mama, ndege au mapafu. Akampa miezi sita awe amewaondoa wote. Mama Ndege akaitikia vizuri kama mwanafunzi, akarudi nyumbani, akaikunja karatasi ya daktari na kuisukumia kwenye droo ya cherehani chini ya reli za uzi. Hakumwambia mtu.

"Mke wangu kasema nikirudi naye atamchinja," dereva akasema. "Na yule mama akisema kitu, hufanya."

Kwenye tobo la boksi likatokea jicho moja la manjano, likamwangalia Mama Ndege, likapepesa.

"Lete," akasema.

Ndivyo alivyo. Unaweza kumgombeza ukitaka, wengi wamemgombeza, ni sawa na kuugombeza ukuta.

"Nitakuwa napita kumwona siku moja moja," dereva akasema, mikono yake sasa mitupu na haijui pa kukaa.

"Hutapita. Nenda salama, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Katika miaka kumi na minne ya kazi hii hasira zilishamwisha, yamebaki magoti na mgongo.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ipo mpaka leo pale dirishani. Mambo yalianza kwa mteja mmoja aliyemwomba amshikie kasuku wake mpaka Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika mpaka sasa. Wapita njia wakaona tundu dirishani, wakasema kumbe huyu mama anapokea, na neno likatembea lenyewe bila kutumwa. Marehemu mumewe alikuwa akimtania, "Wenzako wakistaafu wanapata pensheni, wewe unapata wapangaji." Mume akafa, binti yao wa pekee akapata kazi ya uuguzi katika mji mwingine, na wapangaji wakabaki.

Pamoja na huyo wa dereva, walikuwa wanane. Mmoja alikuwa na jicho moja. Mmoja alifungiwa kabatini miaka minne, na hata sasa akiona jua huficha uso chini ya bawa. Mmoja hubweka, maana alikulia na mbwa na hajui kama yeye si mbwa. Kila asubuhi Mama Ndege aliondoa vifuniko vya kaki alivyovishona mwenyewe, akakwangua mavi, akaosha vibakuli kumi na sita, akachemsha mahindi, akakatakata matunda ya kila aina isipokuwa parachichi, ambalo kwa kasuku ni sumu. Kisha akafagia. Ule unga ulikuwa kila mahali, juu ya cherehani, kwenye kioo cha picha ya marehemu, ndani ya kikombe cha chai. Akifagia, unapanda. Akiacha kufagia, unapanda vilevile.

Wa kwanza kwa kelele kati ya hao wote alikuwa Shemeji.

Shemeji aliishi baa miaka tisa. Wateja walimpulizia moshi na kumnywesha bia kwa kizibo cha chupa, na mwenye baa alimchapa na fagio kila alipopiga kelele asubuhi. Kwa mateso hayo akajing'oa manyoya yote ya kifua, akabaki juu kasuku, chini kitoweo. Jina alipewa na walevi, kwa sababu kila mwanamke aliyeingia alimpokea kwa "Shemejiii!" kisha akaongezea, "Lete mbili baridi!" Kwa Mama Ndege alikuwa amekaa karibu mwaka mzima. Watu walikuja kutafuta kasuku, wakamwona, wakacheka, wakauliza kama hakuna mwingine aliyevaa nguo.

Na Shemeji alijua kukohoa. Kikohozi kikavu, mara tatu, kisha mluzi mwembamba wa pumzi inayotafuta njia.

"Kakitoa baa hicho," Mama Ndege aliwaambia watu. "Kwa wavuta sigara."

Kikohozi hicho kilikuwa na faida yake. Binti yake hupiga simu kila jioni saa kumi na mbili akitoka zamu, na binti muuguzi humdanganyi kirahisi kuhusu kifua. Siku ya kwanza aliposikia, aliuliza kwa ile sauti yake ya kazini, "Mama, nani anakohoa hivyo?"

"Si Shemeji huyo!"

Na kwa bahati Shemeji naye akakohoa palepale, mara tatu na mluzi juu yake. Mama na mtoto wakacheka mpaka basi.

Tangu hapo ikawa hivyo. Akikohoa Shemeji, ni Shemeji. Akikohoa Mama Ndege, ni Shemeji. "Mwambie ashike adabu," binti angesema, na Mama Ndege angeitikia, "Shika adabu wewe!" huku amejishika mbavu na machozi yanamtoka. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Binti akijua, atapanda basi la kwanza, na akifika ataondoa matundu yote kwa siku moja, yule mtoto hana mchezo. Na hao wanane wataishia wapi? Watarudi kulekule, baa na kabatini. Kwa hiyo akanyamaza. Na kunyamaza nako kunachosha jamani, kunachosha kuliko kufagia.

Wiki ileile ya dereva akaja fundi saa.

Alikuwa mtu mwembamba, aliyefiwa na mkewe miaka miwili nyuma, na kofia yake haimtoki kichwani. Alisikia kwa mteja wake kwamba kuna mama anatoa kasuku. Mama Ndege akamweleza utaratibu. Siku ya kwanza humpi mtu ndege. Mtu aje mara tatu, akae, asimwite ndege, asimpe hata punje, ndege mwenyewe aamue. Wengi huishia hapo, maana watu wamezoea kulipa na kubeba. Fundi saa akavuta kiti.

Mara ya kwanza alikaa saa nzima, mikono magotini, na Shemeji akamtukana kuanzia mama yake mpaka bibi yake. Mara ya pili Shemeji akamgeuzia mgongo. Mara ya tatu akashuka kutoka kwenye kijiti chake, akatembea kwa mwendo wa kilevi mpaka kwenye waya, akainamisha kichwa akunwe shingoni. Fundi saa akamkuna kwa ncha ya kidole kimoja, taratibu.

"Huyu hana manyoya kifuani," Mama Ndege akamwambia, maana hapendi mtu aje baadaye kusema hakuelezwa. "Na huenda yasiote tena."

"Hata mimi," fundi saa akasema, akavua kofia. Kichwa kilikuwa kinang'aa. "Nimeshakata tamaa."

Mama Ndege akacheka kicheko cha kweli, cha kwanza baada ya siku nyingi, na kicheko kikageuka kikohozi. Akageukia dirishani mpaka kikapita. Shemeji akakohoa na yeye.

"Na hicho?" fundi saa akauliza.

"Cha baa hicho. Hakina neno."

Fundi saa akamwangalia, akaangalia ndege, akavaa kofia yake.

Siku ya kumtoa Shemeji, mikono ya Mama Ndege ilikuwa mizito. Alijua kwa nini na aliona aibu. Ndege kakaa mwaka mzima hakuna anayemtaka, leo kapata mtu, na wewe unatamani abaki ili akukoholee? Alijisema hivyo mwenyewe, kwa sauti kabisa. Akamkunjia fundi saa kile kifuniko cha kaki alichokizoea Shemeji, ili alale kwenye harufu anayoijua, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Baada ya mwezi nitakuja kukagua," akamwambia kama anavyowaambia wote. "Tundu sitaliangalia. Nitasikiliza tu."

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake ambayo watu hawaielewi, mpaka wamwone anaifanya. Anakuja na kisanduku chake cha mbao chenye waya mbele, kitupu. Anaomba aachiwe chumba, anakaa kwenye kiti akimpa ndege mgongo, anafumba macho, nusu saa. Usimtazame kasuku, hujisahau akayatoa ya nyumbani. Wenye nyumba watakupikia, watakutandikia kitambaa kizuri, watacheka na wewe, ila kile walichokuwa wanasemeana kwa mwezi mzima hawawezi kukificha, kiko mdomoni mwa ndege. Aliwahi kwenda nyumba ya mwalimu mmoja, nyumba safi, watoto wana adabu, biskuti mezani. Kasuku akasema kwa sauti ya mwalimu, "Nyamaza! Nyamaza nikuue!" kisha akatoa mlio wa kofi, kisha mtoto akilia. Mama Ndege akamtia ndege kisandukuni, na kutoka hapo hakwenda kwake, alikwenda moja kwa moja kwa bibi wa wale watoto. Sheria yake ni moja na haina maelezo. Nyumba ikishindwa, ndege anatoka.

Mwezi ukapita. Kila jioni simu ililia, na kila jioni Mama Ndege akikohoa alisema, "Shemeji huyo." Shemeji mwenyewe yuko mitaa mitatu kutoka pale, hana habari. Kumsingizia asiyekuwepo ni rahisi sana, hana wa kumtetea. Lakini aliona kila siku uongo unakuwa mzito zaidi kubeba, na kikohozi nacho hakikungoja tena simu. Kilimshika akikwangua matundu, kilimshika akipanda kitandani, na mara mbili kilimkalisha chini sakafuni katikati ya vibakuli.

Siku ya kukagua alitoka asubuhi na kisanduku chake. Mitaa mitatu tu, akapumzika mara nne, kila mara akijifanya anaangalia vitu madirishani. Kwenye duka la viatu aliangalia viatu vya kiume kwa muda mrefu mpaka muuzaji akatoka kumwuliza mzee anavaa namba ngapi. "Mzee kafa," akasema, akaendelea na safari.

Karakana ya fundi saa ilikuwa juu ya ngazi kumi na mbili. Alizihesabu zote. Chumba kilikuwa kidogo na chenye kiza cha upole, taa moja imeinama juu ya meza, na kwenye meza vigurudumu vidogo vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Ukutani zilijaa saa. Mama Ndege akasubiri zigonge, maana ilikuwa saa nne kamili, na hazikugonga. Akasogea akaangalia. Kila saa yenye kengele ilikuwa imefungwa kijinyundo chake kwa kitambaa.

"Zilikuwa zinamshtua," fundi saa akasema. "Wateja wamelalamika kidogo. Watazoea. Karibu mama, ngoja nikutilie chai."

"Chai baadaye, fundi. Niachie chumba."

Akatoka. Mama Ndege akaweka kisanduku miguuni, akampa Shemeji mgongo, akafumba macho. Alikuwa amemwona kwa upande tu, lakini alichokiona kilitosha. Kifuani palikuwa na vijinyoya vya kijivu, vifupi, vinachomoza kama ndevu za kijana.

Mwanzoni kimya. Kisha Shemeji akaanza kutoa mlio wa saa, tk, tk, tk, kwa bidii ya fundi kabisa. Kisha akasema kwa sauti ya kiume ya chini, "Polepole, babu yangu. Polepole, utaamka tu." Mama Ndege akatabasamu macho yamefumbwa. Mtu huyu anazibembeleza saa mbovu! Shemeji akaendelea. "Umeamkaje, tajiri? Haya, njoo ule." Akaimba kidogo bila maneno. Hakuita shemeji yeyote. Hakuagiza mbili baridi. Nusu saa ilikaribia kwisha na hakukuwa na tusi hata moja, wala mlango kupigwa, wala mtu kulia, na Mama Ndege akahisi mabega yake yanashuka, furaha ikamjaa. Nyumba imefaulu. Huyu amefika.

Shemeji akakohoa.

Mara tatu, kikavu, na mluzi mwishoni. Mama Ndege akangoja mluzi uishe. Na ulipoisha, nyuma yake mwanamke mzee akasema, "Si kitu. Si kitu."

Akafumbua macho. Alidhani ni mama yake mzazi. Ilikuwa ni sauti ya mama yake kabisa, ile ya mwaka wa mwisho, alipokuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akikataa kusaidiwa. Lakini mama yake ana miaka thelathini kaburini, na Shemeji hakumjua.

"Mola wangu, nimechoka," ile sauti ikasema. Ikavuta pumzi, ikaitafuta, ikaipata. "Nikifa mimi, nani atawachukua hawa?"

Ndipo alipojua. Ni yeye. Ni yeye asubuhi, akiinua vifuniko vya kaki kimoja kimoja, kabla hata ya chai. Hakuwahi kujua kuwa anasema. Nyumbani, katikati ya ndege wanane, hakuwahi kuyasikia, au aliyasikia na kudhani ni mawazo yake. Shemeji akayarudia yote tangu mwanzo, kikohozi, si kitu, Mola wangu, nimechoka, kwa ufasaha, maana kasuku hana ile huruma ya kuishia katikati. Mama Ndege aliogopa kama ambavyo hakuogopa hata siku ile ya picha ya mapafu. Miaka kumi na minne amekalia viti vya watu, anasikiliza nyumba zao, anatoa hukumu. Yake hakuwahi kuikalia.

Fundi saa akaingia na vikombe viwili, akamwona uso, akaviweka juu ya meza polepole.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia. Nyumba yako imefaulu, fundi. Nyumba nzuri. Ameota manyoya."

"Sikuulizi yangu, mama."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Nilidhani anaumwa," akasema. "Nimempeleka kwa daktari wa mifugo mara mbili, akaniambia ndege mzima kabisa, huyu anaiga. Nikasema basi anaiga wa baa, kama ulivyoniambia. Lakini mimi kazi yangu ni masikio. Saa ikiletwa hapa, kabla sijaifungua naiweka sikioni, najua ni gurudumu lipi lililochoka. Mvuta sigara hukohoa kikohozi cha majimaji. Hiki ni kikavu. Na mlevi gani anamwita Mola wake kwa sauti ya mama mtu mzima?"

Mama Ndege alikuwa anaangalia kisanduku miguuni pake.

"Ile sheria yako uliyoniambia," fundi saa akasema. "Nyumba ikishindwa?"

"Ndege anatoka."

"Haya."

"Wako saba, fundi!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka Shemeji akashtuka. "Unadhani sijui? Daktari kaniambia chagua, kama vile ananiambia nichague kitambaa. Mmoja ana jicho moja. Mmoja haoni jua bila kujificha. Mmoja anabweka, nani atamchukua kasuku anayebweka? Mimi nimechoka. Nimechoka mpaka mifupa, na nikilala nawaota. Lakini nikiacha leo, kesho watu wataleta maboksi yao wakute mlango umefungwa, wayaache palepale kwenye jua. Nawajua watu mimi."

Akakohoa. Fundi saa alingoja mpaka akamaliza, hakumpigapiga mgongoni wala kumwambia pole, na Mama Ndege alimshukuru kwa hilo moyoni.

"Nina nafasi ya mmoja," fundi saa akasema baadaye. "Saba siwezi, nitakudanganya. Nipe huyo anayeogopa jua, hapa kwangu giza lipo la kutosha. Hao sita sijui, mama."

"Sita hujui."

"Sijui."

Ajabu ni kwamba jibu hilo lilimtuliza. Watu wamemwambia yatakwisha tu, Mungu atajalia, usijali. Leo mtu mmoja kamhesabia, kachukua mmoja, na kakubali kwamba sita ni sita. Akanywa chai. Ilikuwa haina unga juu yake.

"Binti yako anajua?" fundi saa akauliza.

"Anajua kwamba Shemeji anakohoa."

Fundi saa akabana midomo, akajitahidi, ikamshinda, akacheka. Mama Ndege naye akacheka, na safari hii alikilinda kicheko kisifike kifuani. Aliposimama kuondoka akainama kuchukua kisanduku, fundi saa akawahi kukiweka nyuma ya kigoda chake.

"Hiki kibaki. Kesho nitakuja nacho kumchukua huyo wangu. Na wewe ukiwa huna kisanduku, hutaokota mwingine njiani."

"Wananiletea kwenye maboksi ya sabuni, fundi."

"Basi sabuni usipokee."

Akashuka ngazi kumi na mbili mikono mitupu. Miaka yote aliyokagua, alirudi ama na ndege ama na kisanduku kitupu, na sasa hakujua mikono aifanye nini. Mwishowe aliikunja nyuma kama mzee wa barabarani. Njiani alipumzika mara nne tena, na kwenye duka la viatu hakujifanya kitu. Alikaa kwenye ngazi ya duka, mtu mzima kachoka, basi.

Alipofika aliwalisha, na jioni aliwafunika wale wanaopenda kufunikwa mapema, kisha akatoa kiti nje mbele ya mlango. Ndani mmoja alikuwa anabweka, na huyu wa dereva, ambaye alikuwa bado hajasema neno tangu aletwe, alikuwa anapiga honi ya lori. Mama Ndege alivuta ile droo ya cherehani kabla ya kutoka, na sasa karatasi ya daktari ilikuwa mapajani pake, imekunjamana, ina uzi wa bluu umenasa pembeni. Saa kumi na mbili simu ikalia.

"Umeshindaje, mama?"

Alifungua mdomo aseme salama, na badala ya salama kikatoka kikohozi, mara tatu, na mluzi mwishoni. Binti akacheka kwa uchovu, na yeye kasimama wodini tangu alfajiri.

"Huyo Shemeji jamani! Mwambie ashike adabu."

Shika adabu wewe. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni yenyewe, yameizoea njia. Mama Ndege akayameza.

"Shemeji hayupo," akasema. "Ana mwezi sasa. Yuko kwa fundi saa, anaota manyoya."

Upande wa pili mlango ukafungwa, kelele za wodini zikakatika.

"Sasa anayekohoa ni nani, mama?"

"Ni mimi, mwanangu. Yeye alijifunza kwangu."